Breki za Yurany

Jumapili, Mei 7

Kocha wa mjini amesema kila mtoto anayetaka kuingia klabu yake ya baiskeli awe na daftari la mazoezi: amepanda wapi, ameshuka wapi, amekula nini, amelala vipi. Mjukuu wangu Yurany ana miguu ya kupanda milima lakini mkono wa kuandika hana. Mke wangu Herminda macho yamemchoka. Kwa hiyo kazi imeniangukia mimi, Belarmino Tibaduiza, niliyesoma madarasa matatu, na hilo la tatu nililisomea dirishani kwa nje, maana mwalimu alikuwa amenifukuza. Kocha akikuta herufi zimepigana, ajue msichana hana hatia.

Leo: amepanda mpaka juu ya mlima La Cruz kwa baiskeli yangu ya chuma, ile ya kubebea mikebe ya maziwa, akashuka. Amekula viazi, maharage na mkate wa mahindi. Amelala kama gogo.

Mimi sikulala. Kocha hakuuliza habari zangu, lakini daftari nimelinunua mimi.

Kupanda hakunitishi. Anayepanda akichoka anasimama, anatema mate, anaendelea. Ni kushuka. Barabara ya La Cruz upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili hakuna kitu. Kwenye kona kubwa kuna misalaba midogo yenye maua ya plastiki, na chini yake majina ya watu ninaowajua. Wengine walikuwa na malori, na lori lina breki kubwa kuliko meza yangu.

Jumatano, Mei 10

Tumeuza ndama. Kocha amesema kwa chuma kile Yurany hatafika popote. Anataka baiskeli ya mbio, nyepesi, yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Majaribio ni tarehe kumi na sita Julai, sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, siku ambayo kila mwenye magurudumu hapa kwetu anayapeleka kanisani yabarikiwe. Baada ya misa vijana watapanda La Cruz na kushukia upande wa pili, huu wa nyumbani kwetu, mpaka darajani. Wasichana watano watachukuliwa.

Yurany amesema, "Babu, mimi nitakuwa mmoja wao."

Nikamwambia, "Utashukaje?"

"Kama wengine wanavyoshuka."

Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumamosi, Mei 13

Tumekwenda Duitama, kwenye duka la baiskeli la Plinio. Ni mtu mwembamba, miwani ameifunga kwa uzi, anaongea taratibu kama anayelipwa kwa saa. Kabla hata sijamsalimu vizuri amemsimamisha Yurany ukutani, akampima miguu, akampima mikono, akamwambia afumbe ngumi na kuifumbua. Nikamuuliza kama anamshonea gauni.

"Mzee wangu, baiskeli ni gauni," akasema. "La kwanza ni kimo cha mtoto. La pili, fremu isiwe na ufa. La tatu, breki. Rangi ni ya mwisho."

"Na bei?"

"Bei iko mbele ya yote hayo. Ndiyo maana zile za dirishani sikukuonyesha."

Akatoa kibaiskeli cha kijivu, kimechubuka huku na huku kama punda wa mnadani. Yurany akakipanda, akazunguka uani, akarudi anacheka. Kweli kilimkaa. Lakini nikakitazama, nikamtazama mtoto wa miaka kumi na mitano, nikaona mwakani magoti yatagonga kidevu.

"Hiki mwakani kitakuwa cha paka," nikasema. "Nipe kikubwa, mtoto anakua."

Plinio akanitazama kuanzia kofia mpaka buti. Safari hiyo ya macho haikumchukua muda.

"Mzee wangu," akasema, "kwenu amewahi kukua nani?"

Tukatoka. Sijavuka milima yote ile kwa basi ili nitukanwe na mtu aliyefunga miwani kwa uzi. Mjanja yule, kina wateja wachache kile kijivu, anatafuta mjinga wa kumbebesha.

Jumapili, Mei 14

Mvua. Hakupanda. Nimelala.

Alhamisi, Mei 18

Mvua. Lori la maziwa limeteleza pale kwenye kona kubwa, likajikita kwenye ukuta. Dereva mzima, maziwa yote yamekwenda na maji. Yurany amerudi kutoka shule akieleza jinsi barabara ilivyokuwa nyeupe, anacheka. Sikucheka.

Jumamosi, Mei 20

Baiskeli imepatikana.

Nilikwenda kucheza tejo kwa Custodio. Huyu ndiye aliyemshika binti yangu Nubia siku ya ubatizo, Nubia mama yake Yurany, ambaye sasa anapika kwenye majiko ya watu huko Bogotá. Custodio ana lori la viazi na ana uwanja wa tejo nyuma ya nyumba. Unarusha kisahani cha chuma kwenye udongo, ukipata kikaratasi cha baruti kinalipuka, na aliyekosa ananunua bia. Biashara zote za kwetu hufanyika kati ya mlipuko na mlipuko, mtu akiwa hasikii vizuri.

"Nasikia unatafuta baiskeli," Custodio akasema.

"Naogopa kuipata."

"Ninayo ya mwanangu. Yeye yuko jeshini, ataendesha vifaru."

Akaitoa ghalani. Nyekundu. Inametameta kama pipi iliyolambwa. Nikaikagua kama ninavyokagua ng'ombe: nikaizunguka, nikaigonga mfupa kwa mfupa kwa ukucha nikisikiliza, nikazungusha magurudumu nione kama yanayumba, nikapitisha kidole kwenye maungio kutafuta ufa. Haikuwa na ufa. Nikabana breki kwa mkono wangu wa kukamulia. Zikashika kama mbwa. Ilikuwa kubwa kidogo, ndiyo. Na hapo ndipo nilipoipenda. Mimi maisha yangu yote sijavaa kiatu kilichonitosha siku ya kwanza. Mama alikuwa anatia magazeti kwenye ncha, na magazeti yalipokwisha kiatu kilikuwa kimeoza. Sare ya Yurany imekunjwa mikono mara mbili. Maskini hanunui kitu cha leo, ananunua cha miaka mitano.

Tumepeana mikono. Bei ilikuwa ndogo kuliko ya kile kijivu cha Plinio, na hii inang'aa.

Nyumbani Herminda akaizunguka, akisaidiwa na mikono zaidi ya macho.

"Kubwa," akasema.

"Atakua."

"Wewe ulikua?"

Yurany aliukumbatia usukani, na uso wake ukawa kama madhabahu siku ya Pasaka. Nikajisikia mtu mrefu.

Jumapili, Mei 21

Amepanda La Cruz kwa ile nyekundu. Kiti nimekishusha mpaka kimegoma. Ukimtazama kwa nyuma amejinyoosha kama chura aliyekanyagwa, lakini anakwenda. Bikira shahidi, anakwenda. Nimemuuliza, "Ikoje?" Akasema, "Nzuri, babu." Nimemuuliza, "Na kushuka?" Akasema, "Nzuri, babu."

Jumapili, Mei 28

Amepanda. Nilikaa langoni kumsubiri. Ukungu ulishuka mpaka ukafika kwenye bustani ya kabichi. Ukiwa langoni husikii baiskeli, unasikia malori tu. Kila lori lilipopita likiteremka nilikuwa nasubiri lipige honi. Likipiga, nafikiri limemwona. Lisipopiga, nafikiri halikumwona.

Amefika. Nikajifanya nilikuwa nafunga waya wa uzio. Waya wenyewe nimeufunga mara nyingi mpaka ng'ombe wananishangaa.

Jumapili, Juni 4

Amechelewa sana. Mikono yake, hapa kwenye vifundo vya viganja, imevimba. Amesema ni ya kuchimba viazi. Kweli tumechimba wiki nzima. Herminda amemkanda kwa mafuta ya kafuri, akaniambia, "Mbona mimi nimechimba na sijavimba?"

Nimemwambia yeye ni jiwe.

Alhamisi, Juni 8

Manyunyu. Ndoto: nimeshika kamba ya ndama, kamba inateremka mlimani yenyewe.

Jumapili, Juni 11

Amepanda. Amerudi na kiwiko kimechunika. Eti mbwa alimkatia njia pale kwa mjane Otilia. Mbwa wa Otilia ana miaka mingi kuliko kuhani na hajakata njia ya mtu tangu apate meno.

Nikarudi kwenye waya wangu. Nilikuwa naogopa jibu.

Jumapili, Juni 18

Leo naandika mengi, na kocha akitaka aruke.

Asubuhi kabla hajaondoka nilichukua viatu vyake nivipake mafuta, maana barabara ilikuwa imelowa. Kiatu cha kulia kizima. Kiatu cha kushoto soli imeliwa kisigino mpaka ncha, imeliwa upande mmoja, mpaka soksi inaonekana. Nimekaa kwenye kigogo nikakigeuza kile kiatu kama anayesoma gazeti. Mtu akitembea, viatu vinalika vyote. Hiki kimeliwa na lami.

Nikamwita. Nikashika ile baiskeli kati ya mapaja yangu, nikamwambia apande.

"Shika chini, kwenye pembe, kama unavyoshuka."

Akashika.

"Kamata breki."

"Nimekamata."

"Hiyo ni kugusa. Nimesema kamata."

Akanyoosha vidole. Ncha za vidole zilikuwa zinafika kwenye chuma cha breki kama mtoto anayetafuta kopo la sukari juu ya kabati. Vikawa vyeupe. Gurudumu nikalizungusha kwa buti yangu, likazunguka tu, likazunguka, likinicheka.

"Siku zote hizi unashukaje?" nikamuuliza.

Akatazama pembeni. "Kona ndogo nashika juu ya usukani, lakini pale hakuna nguvu. Kona ya kati naburuta mguu."

"Na kona kubwa?"

"Nashuka natembea. Kama hakuna watu."

"Wakiwepo?"

Akavuta mkono wa sweta ukafunika kiwiko.

"Na kiwiko?"

"Lori la maziwa lilikuwa linapanda, babu. Nilichagua mtaro."

Alichagua mtaro. Mtoto wa miaka kumi na mitano yuko kwenye kona ya misalaba, hana breki, anachagua kati ya lori na mtaro, na mimi niko langoni nafunga waya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema. "Na nikisema hii haifai, ndama hayupo tena."

Nikaachia baiskeli, akaruka kabla haijaanguka. Herminda alikuwa mlangoni. Nilisubiri aseme. Angesema ningepata mahali pa kushikia. Aliingia ndani akawasha moto.

Sasa ni jioni. Breki zilikuwa nzima, fremu nzima, magurudumu manyoofu. Nilikagua kila kitu isipokuwa vidole vya mwenye kupanda.

Leo hakupanda.

Jumatatu, Juni 19

Nimempelekea Custodio baiskeli yake. Hakuipokea.

"Belarmino, kanuni ya mnadani unaijua," akasema. "Mnyama akishalala kwako usiku mmoja, harudi."

"Hii si mnyama."

"Uliikagua kama mnyama. Uliipiga mpaka makofi ya matakoni."

"Itaua mtoto."

"Mwanangu hakufa nayo."

"Mwanao ana mikono kama makasia."

Akacheka. Mimi sikucheka, na nilipokuwa naondoka nikaangusha kwa mguu ndoo yake ya udongo wa tejo, kwa bahati mbaya. Kama bahati mbaya haitoshi, basi kwa makusudi. Mwizi yule. Nilimpa mwanangu amshike juu ya maji ya ubatizo.

Jumamosi, Juni 24

Duitama. Nimeikokota nyekundu tangu stendi. Nilivua kofia kabla ya kuingia dukani kwa Plinio, kitu ambacho nakifanya kanisani tu, na si kila mara.

Akaitazama baiskeli, akamtazama Yurany, akaangalia kiatu cha kushoto.

"Kile kijivu," nikasema.

"Kimeshauzwa, mzee wangu."

Nikazungusha kofia mkononi.

"Huwezi kuzisogeza breki?" Yurany akauliza.

"Kuna skrubu hapa, nitaziingiza kidogo. Lakini fremu siwezi kuikata, na mkono wako siwezi kuuvuta." Akakuna kichwa. "Acha hii hapa. Ni nzuri, itapata mrefu wake. Nina fremu ndogo, ya kijani, iko uchi. Nitatafuta vitu vya kuivisha. Magurudumu hayatafanana."

"Hata moja liwe la mkokoteni," nikasema. "Breki tu zifike."

"Lini mashindano?"

Nikamwambia. Akahesabu kitu kichwani. "Nitajitahidi," akasema.

Kuna watu wakisema watajitahidi unajua wamekukataa. Huyu alisema huku ameshaanza kufungua kiti. Mwezi mzima nimekuwa nikimwita mjanja wa miwani. Ukweli ni kwamba aliniambia neno lote siku ya kwanza, bure, na mimi nilisikia tusi tu.

Jumapili, Julai 2

Hana baiskeli. Amepanda kwa ile ya chuma, akashuka kwa breki za zamani za vyuma. Nimekaa langoni. Uzio sasa ni imara kuliko gereza.

Jumatano, Julai 5

Nimempigia Plinio simu. Anasubiri mnyororo.

Jumamosi, Julai 8

Nimempigia Plinio. Anasubiri breki.

Jumapili, Julai 9

Ukungu. Sikumruhusu kupanda. Tumegombana. Amesema nikiogopa niogope mwenyewe. Ni haki yake.

Jumanne, Julai 11

Nimempigia Plinio. Mke wake amesema akinisikia tena atabadilisha namba.

Jumamosi, Julai 15

Imekuja kwa basi la jioni, imefungwa kwa gunia la viazi. Kijani ya kuchoka. Gurudumu la mbele jeusi, la nyuma la fedha. Kiti kimetoboka. Ni mbaya, maskini, inaonekana kama kitu kilichookotwa baada ya mafuriko.

Yurany akapanda uani. Nikashika kama siku ile.

"Kamata."

Vidole vikazunguka chuma chote, na urefu ukabaki. Gurudumu likafa pale pale. Akakamata tena, akaachia, akakamata, kama anayekamua.

Herminda akapapasa fremu yote. "Hii ni yake," akasema, akaenda kuangalia chungu.

Ningefurahi. Lakini kesho ndiyo sikukuu, na kesho ndiyo mara ya kwanza atashuka nayo, na redio inasema mvua. Nikamwambia Yurany, asiende, kuna mwaka mwingine.

Herminda akanisikia toka jikoni. "Ulipomnunulia kubwa ulikaa kwenye kigogo unapiga mluzi. Leo imemtosha ndiyo unaogopa?"

"Wakati ule sikujua."

"Basi alikuwa anajua yeye peke yake, na alishuka. Kunywa maji yako ya sukari guru ulale."

Nimeyanywa. Sijalala.

Jumapili, Julai 16

Misa, kisha baraka uwanjani. Malori yamefungwa maputo na maua mpaka madereva hawaoni. Pikipiki, trekta, gari la kubebea maiti, toroli la mwashi. Padre akapita na ndoo na fagio dogo, anamwaga maji kwa mkono mpana. Alipotukaribia nikasogea mbele.

"Padre, kwa huyu nyunyizia kiti tu. Rimu usiziguse."

"Mzee Belarmino, leo unanifundisha kubariki?"

"Nakufundisha breki, Padre. Mpira ukilowa haushiki."

Watu wakacheka. Padre naye akacheka, akachovya fagio mpaka mkononi, akazilowesha rimu zote mbili. "Bikira atazikausha," akasema.

Nikazikausha mimi, kwa ncha ya ruana yangu, blanketi langu la mabegani, mbele ya parokia nzima. Herminda akanifinya mbavuni. Dakika ileile mvua ikaanza, ikalowesha rimu, Padre, na sanamu ya Bikira mwenyewe juu ya machela yake.

Nilitaka kufika kona kubwa kabla yao. Nikaanza kutembea. Nyuma yangu likaja lori la Custodio, maputo mekundu pande zote.

"Panda, mkaidi wewe. Kwa miguu utafika Krismasi."

Tangu Juni sijasema naye. Nikapanda, kwa sababu mlima ni mrefu kuliko hasira yangu. Tukavuka La Cruz, tukashuka upande wa pili. Akaegesha chini ya misalaba, akatoa chupa ya pombe kali ya anisi, akanipa kwanza.

"Yule wangu," akasema akitazama kioo, "alianguka na ile nyekundu. Mara nyingi. Hapa hapa, mara moja akavunja meno. Nilidhani ndivyo wanavyojifunza."

Nikamtazama. "Na wewe ulimnunulia kubwa?"

"Kwani wewe baba yako alikununulia viatu gani?"

Hakuwa mwizi. Alikuwa mimi, tofauti yeye ana lori. Nikanywa, nikamrudishia chupa.

Tukashuka tukasimama kando. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mtu akinyoosha mkono anajiuliza kama ni wake. Mvua ndogo, ile isiyo na kelele. Pikipiki ya kocha ikapita. Wakapita wavulana, kwanza mmoja, kisha kundi, wakitokea kwenye weupe na kumezwa na weupe, na sauti ya mipira iliyolowa ikilia kwenye rimu kama vifaranga. Kisha kimya. Kisha msichana mmoja. Wa pili. Wa tatu. Hakuna wa kijani.

Nikasogea hatua moja ili nione vizuri.

Kimya. Nikafikiria mtaro. Nikafikiria kwamba maua ya plastiki anauza mjane Otilia, na kwamba sitakwenda kununua kwake, nitakwenda mbali, kwa mtu asiyenijua. Nikasogea tena. Custodio alisema kitu. Sikumsikia. Nilikuwa nasikiliza juu, nimeinama kama anayechungulia kisimani, na kwa kweli sikujua nilikuwa nimesimama wapi.

Nikasikia vifaranga.

Akatokea ukunguni, kijani, kichwa chini, anakuja kama jiwe, na mimi niko katikati ya barabara. Kushoto kwake ukuta. Kulia kwake hakuna kitu. Nikaona uso wake ukiniona. Miguu yangu ikasahau kazi yake. Nikaona vidole. Vile vidole vidogo vikajikunja vyote, vikakamata, na mipira ikapiga yowe, gurudumu la nyuma la fedha likayumba kwenda kule kusikokuwa na kitu, likarudi, na tairi la mbele likasimama katikati ya buti zangu.

Mvuke ulikuwa unatoka kwenye rimu. Au mdomoni mwake. Au mwangu.

"Babu," akasema.

"Naam."

"Toka barabarani."

Nikatoka. Wasichana wakapita nyuma yake, mmoja, wawili, na wa tatu. Akasimama juu ya pedali, akaweka uzito wake wote, akaondoka. Ukungu ukamfunga.

Custodio alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Alikuwa wa nne," akasema.

"Najua kuhesabu."

Wamechukua watano. Yeye amefika wa saba.

Jumatatu, Julai 17

Herminda hasemi nami. Ameweka supu mezani kwa namna ambayo nusu yake imenirukia. Yurany hasemi nami. Anayesema nami ni Custodio tu, amepiga simu asubuhi na mapema, na huyo simtaki.

Nimefanya uzio mchana kutwa. Hauhitaji.

Jioni Yurany alikuja na kigoda chake, akakaa karibu na taa, akanisukumia daftari hili.

"Andika," akasema. "Jumapili. Kupanda, vizuri. Kushuka, vizuri. Breki, vizuri sana."

Nikaandika kwenye karatasi ya pembeni, nitanakili kwenye daftari safi la kocha, maana hili sasa halimfai.

"Na babu?" nikauliza.

"Babu, kocha asimjue."

"Kocha amesemaje?"

"Ameuliza yule mzee alikuwa nani. Nikasema simfahamu, labda wa parokia nyingine." Akavuta soksi zake. "Ana majaribio mengine Oktoba. Ameniambia nije."

Ningeweza kumwomba radhi. Nilifungua mdomo, ikatoka, "Mikono inauma?" Akanionyesha viganja. Havikuvimba. Vilikuwa na alama nyekundu tu, pale chuma cha breki kilipokaa.

Jumapili anapanda tena La Cruz, atashuka pande zote mbili. Ameniomba jambo moja: nisije barabarani, nisikae langoni, nisiguse waya. Nikae ndani, kwenye kiti, karibu na bibi yake, mpaka arudi.

Nimekubali. Mpaka sasa nimeogopa nikiwa nimesimama. Itabidi nijifunze kuogopa nikiwa nimekaa.